Kodi ya Wanawake "Huru" wa Usumbura: Kabla ya Kuhesabu Makosa ya Ukahaba

Insha hii ilianza kama kazi ya somo. Tulitakiwa kueleza jinsi makosa ya biashara ya ngono yanayoripotiwa na polisi yanavyopanda na kushuka mijini, kila mwanafunzi achague mji wake. Nilichagua Bujumbura kwa sababu mbili: nimezaliwa hapa, Buyenzi, na nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Nitatafuta idadi ya waliokamatwa kila mwaka, nitachora mstari, kisha nitaandika kurasa chache kuhusu umaskini, vita na maadili. Mstari sikuuchora. Kadiri nilivyorudi nyuma katika historia ya mji huu, ndivyo nilivyoona kwamba wanawake wa aina niliyokuwa nikiitafuta hawakuhesabiwa kwanza na polisi. Walihesabiwa na mtoza kodi.

Kodi hiyo ilitozwa na utawala wa Kibelgiji kwa wanawake Waafrika waliokaa mjini bila mume. Kwa Kifaransa waliitwa femmes libres, yaani wanawake huru. Mtaani, kwa Kiswahili, neno lilikuwa moja: malaya. Hoja yangu ni kwamba katika miaka ya 1950 idadi ya wanawake hao mjini Usumbura, kama ulivyoitwa mji wetu wakati huo, iliweza kuongezeka kwa kalamu ya serikali peke yake, pasipo mwanamke hata mmoja kubadili maisha yake. Wanawake wa Buyenzi walilitambua jambo hili mapema kuliko sisi tunaosoma takwimu leo, na walilipinga.

Mji ulio nje ya mila

Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, Wabelgiji wakauteka. Baada ya vita Ubelgiji ilikabidhiwa Ruanda-Urundi na Shirikisho la Mataifa, na sheria ya mwaka 1925 ikaiunganisha nchi hii kiutawala na Kongo. Hilo la mwisho lina uzito katika habari ninayoieleza. Sheria nyingi zilizotungwa kwa ajili ya Kongo ziliweza kuletwa hapa kwa amri ya kiserikali, hata kama watu waliokuwa katika mawazo ya mtungaji walikuwa wa Léopoldville au Stanleyville.

Waafrika wa Usumbura waliishi katika mitaa yao, mbali na nyumba za Wazungu. Buyenzi ulikuwa mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili, na wengi wa wazee wake walikuwa na asili ya Ujiji, Manyema na kwingineko ng'ambo ya ziwa. Jirani yake palikuwa na mtaa ulioitwa Belge, ambao leo tunauita Bwiza. Avenyu za Buyenzi zina namba, na mpaka leo ukimuuliza mtu wa kwetu anakaa wapi, atakutajia namba kwanza.

Kisheria, mitaa ya namna hii iliingia katika kundi ambalo Wabelgiji waliliita centre extra-coutumier, mahali palipo nje ya mila. Utaratibu huo uliwekwa Kongo kwa amri ya mwaka 1931 na baadaye ukafika kwetu. Mkazi wa hapo hakuhesabiwa tena kuwa chini ya chifu wa kimila. Kwa mwanamume halikuwa tatizo kubwa, kwa sababu alikuwa na mwajiri, na karatasi za kazi zilimtambulisha. Mwanamke alitambulishwa na mume. Asiyekuwa na chifu, mwajiri wala mume hakuwa na mahali pa kuandikwa. Hapo ndipo kodi ilipopata nafasi yake.

Watunga sheria walimweleza mlipakodi huyo kwa maneno ya ajabu kidogo: mwanamke wa kienyeji, mtu mzima mwenye afya, ambaye kwa nadharia anaishi peke yake. Nimelisoma fungu hili mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye "kwa nadharia". Sheria ya kodi kwa kawaida haina nafasi ya nadharia. Una ng'ombe au huna, una nyumba au huna. Hapa mtunga sheria anakiri kwamba haamini anachokiandika: kwenye karatasi mwanamke huyu yuko peke yake, lakini sote tunajua yupo mwanamume anayebisha hodi usiku. Neno ukahaba halimo, ila kila aliyesoma alilisikia. Na kwa kuwa ilikuwa kodi, haikuwa adhabu ya mahakama. Haikuhitaji shahidi, hakimu wala kosa. Ilihitaji karani mwenye orodha. Utawala uleule uliohubiri utukufu wa ndoa ukawa na mapato yanayotokana na wanawake wasio na ndoa.

Kwao Ulaya mambo yalikuwa yakienda upande mwingine. Tarehe 21 Agosti 1948 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kufuta usajili rasmi wa makahaba. Mwezi Desemba 1949 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kuzuia biashara ya watu na unyonyaji wa ukahaba, na kifungu chake cha 6 kinazitaka nchi zifute sheria yoyote inayomlazimisha kahaba aandikishwe au abebe hati maalumu. Kwa hiyo mwanamke wa Brussels alikuwa ametolewa daftarini wakati ambapo mwanamke wa Buyenzi, pengine asiyeuza kitu zaidi ya maandazi, alikuwa anaingizwa.

Mke aliyefutwa

Jambo lililozidisha orodha ni sheria ya ndoa. Tangu mwaka 1910 sheria ya kodi ya Kongo ilimtaka mwanamume mwenye wake wengi alipe nyongeza kwa ajili ya wake wa ziada. Haikuwa sheria ya heshima, lakini ilimpa mke wa pili jina. Alikuwa mke, mwenye mume anayejulikana, na mume ndiye aliyemlipia.

Tarehe 4 Aprili 1950 ilitoka amri ya kupiga vita mitala. Ndoa yoyote ya mitala iliyofungwa baada ya tarehe 1 Januari 1951 haikutambuliwa. Wamisionari walikuwa wameidai sheria hiyo kwa muda mrefu, na Waafrika wasomi wa Kikristo wengi waliiunga mkono. Sitaki kubishana hapa kama mitala ni njema au mbaya. Wasomaji wangu wana dini zao, na ndani ya familia yangu mwenyewe hatukubaliani. Ninachouliza ni swali la hesabu.

Tuchukue mfano. Mwanamke wa Buyenzi anaolewa mwaka 1952 akiwa mke wa pili. Walii wake yupo, mashahidi wawili wapo, mahari imetolewa, watu wamekula pilau. Mke mwenzake anakaa avenyu ya pili, yeye anawekwa avenyu ya tisa. Mume analala huku siku hizi na kule siku zile, kama sheria ya dini inavyomtaka afanye uadilifu. Majirani wote wanamwita mke wa fulani. Lakini karani anapopita na orodha yake hakuna sanduku la kumweka. Miaka mitatu kabla angemwandika "mke wa pili" na kumtoza mume. Sasa mke wa pili hayumo katika sheria. Yumo mwanamke mzima, mwenye afya, katika nyumba ambayo haina mume aliyeandikwa. Kwa nadharia anaishi peke yake. Anaandikwa huru.

Hakuna kilichobadilika katika maisha ya mwanamke huyu. Chungu ni kilekile na mume ni yuleyule. Kilichobadilika ni safu ya daftari. Sasa tuzidishe nyumba hiyo mara kadhaa, kisha tumfikirie ofisa anayeandika ripoti ya mwaka. Anaona wanawake huru wameongezeka. Atasema nini? Atasema kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimejiandaa kukisema katika kazi yangu: mji unaharibika, maadili yanashuka. Ripoti hizo hazikuishia Usumbura. Tangu mwaka 1946 Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Ubelgiji ilipeleka ripoti kila mwaka, na ujumbe wa Umoja ulikuja kukagua kila baada ya miaka mitatu kuanzia 1948. Aliyezisoma ripoti hizo New York angejuaje kwamba ndani ya neno "huru" wamo wake za watu?

Wakati huohuo ulizuka mjini mjadala wa "mitala iliyofichwa". Wapinzani wa mitala walilalamika kwamba wanaume wanawaficha wake zao wa pili ndani ya kundi la wanawake huru ili wakwepe sheria. Ukilitazama vizuri, malalamiko haya yanakiri hoja yangu yote. Waliokuwa wakilalamika walijua kabisa kwamba sehemu ya wanaoitwa malaya ni wake. Hawakudai watolewe katika orodha hiyo. Walidai waume zao waandamwe. Mwanamke mmoja akahesabiwa kuwa uovu mara mbili: kwa mtoza kodi ni malaya, na kwa mpinga mitala ni mke wa kificho.

Kelele za Buyenzi

Wake wa pili hawakuwa peke yao katika orodha. Walikuwamo wajane na watalaka. Katika Uislamu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na mtalaka naye ana eda yake. Baada ya hapo akiolewa ni sawa, na akikaa na wanawe ni sawa vilevile. Buyenzi ilikuwa na wanawake wengi wa namna hiyo, waliopika vitumbua, waliosuka mikeka, waliopangisha vyumba, waliofanya biashara ndogo sokoni. Jirani hakuwa na neno nao. Kisha inakuja stakabadhi ya kodi ambayo mtaa mzima unajua hulipwa na nani.

Katika miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa Buyenzi waliikataa kodi hiyo na kuupinga utawala waziwazi. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika juu yao katika makala iliyochapishwa mwaka 1991 katika Journal of African History, na karibu kila anayelizungumzia suala hili, nami nikiwemo, ana deni kwake. Nilipoanza kuisoma nilitarajia kukuta habari ya fedha, kama tulivyozoea katika historia ya kodi za wakoloni: watu ni maskini, kodi ni kubwa, wanakataa. Fedha imo. Lakini kilichowachoma zaidi kilikuwa jina. Bibi mwenye wajukuu, aliyemzika mumewe na kukaa eda yake, aitwe malaya na serikali, tena alipie jina hilo mwenyewe!

Hunt ameliweka neno "kelele" katika kichwa cha makala yake, na mimi kama mwanafunzi wa Kiswahili nimelifikiria sana. Lugha yetu ina malalamiko, ina kilio, ina madai, ina shauri. Kelele ni kile anachokisikia mtu asiyetaka kusikia maneno yaliyomo ndani. Mwanamume akienda barazani na hoja, ameleta shauri. Wanawake wakienda wengi na hoja hiyohiyo, wamepiga kelele. Hata hivyo ndani ya kelele hizo mlikuwa na hoja ya kitakwimu ambayo mwalimu yeyote wa mbinu za utafiti angeipa alama nzuri: kundi mnalolihesabu si kundi moja. Mmechanganya mjane, mtalaka, mke wa pili na kahaba, kisha mmewapa jina la mmoja wao.

Kuna jambo la lugha ambalo sikuliona mpaka nilipoanza kuandika. "Huru" ni neno zuri. Mwaka 1962 tulilipata kwa nchi nzima, na watu wakacheza ngoma. Lakini katika daftari la Usumbura miaka kumi kabla, mwanamke kuwa huru lilikuwa tusi lenye bei. Na "malaya" kwa Kiswahili laweza kusemwa hata juu ya mwanamume. Husemwa kila siku vijiweni. Stakabadhi ya mwanamume malaya haikuwahi kuchapishwa.

Ili picha isiegemee upande mmoja, nikumbushe kwamba miaka hiyohiyo, kuanzia 1946 hadi 1960, mjini hapa palikuwa na Foyer Social, nyumba ya mafunzo ambako wake za makarani na mafundi walifunzwa kushona, kupiga pasi, kulea watoto na kupanga nyumba kwa namna ya Kizungu. Hunt ameiandikia pia. Mji ule ule ukawa na wanawake wanaofundishwa kuwa mke na wanawake wanaotozwa kwa kutokuwa mke, na wote walikuwa wakipishana njiani kwenda sokoni.

Msomaji atauliza: je, hapakuwa na ukahaba Usumbura? Ulikuwepo. Mji wa bandari, wa madereva, askari na vibarua waliotoka mbali bila wake zao, haukosi. Sidai kwamba wanawake wote wa Buyenzi na Belge walikuwa wajane wa kusuka mikeka. Wapo waliouza mapenzi, na inawezekana kabisa baadhi yao walilipa kodi bila kelele, kwa kuwa stakabadhi iliwapa utulivu wa kukaa mjini. Nao ni sehemu ya historia ya mji, na sioni kwa nini tuwaonee haya zaidi ya tunavyowaonea wateja wao. Ila hesabu ya kodi haiwezi kutuambia walikuwa wangapi.

Polisi huona barabara

Hapo nilijaribu kukimbilia kwa polisi. Nilijiambia kwamba mtoza kodi alikuwa na maslahi yake, lakini polisi anakamata mtu kwa tendo. Ili nione kama hilo ni kweli nilienda Nairobi, kwa vitabu tu, kwa kuwa historia ya ukahaba wa Nairobi ndiyo iliyochunguzwa zaidi katika Afrika Mashariki.

Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, anaonyesha kwamba wanawake wa Nairobi ya kikoloni walifanya kazi hiyo kwa namna tatu, na wao wenyewe walizipa majina ya Kiswahili. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Wazi-wazi walikaa mbele ya milango yao. Malaya, kwa maana ya pekee waliyoipa Nairobi, alikaa ndani ya chumba chake akimngoja mgeni aje mwenyewe, na alimuuzia chai, chakula, maji ya kuoga na mazungumzo pamoja na kitanda. Wanawake wa aina hii walijificha vizuri, na baadhi yao walijipatia nyumba. Mwaka 1943 zaidi ya theluthi moja ya wenye nyumba wa Pumwani walikuwa wanawake, ingawa si wote walizipata kwa njia hiyo.

Katika hao watatu, nani ataingia katika daftari la polisi? Mtembezi. Yeye ndiye aliye barabarani, na sheria zilizotumika zilikuwa sheria za barabara: uzururaji, kukaa mjini bila kibali. Mwanamke wa ndani angeweza kufanya kazi hiyo miaka ishirini asionekane katika hesabu hata mara moja. Kwa hiyo mwaka ambao waliokamatwa wameongezeka unaweza kuwa mwaka ambao ukahaba umeongezeka, au mwaka ambao umetoka ndani kwenda nje kwa sababu vyumba vimepanda bei, au mwaka ambao bwana mkubwa fulani amechoshwa na anachokiona akitoka hotelini. Namba ni ileile kwa habari zote tatu.

Wazi-wazi wananigusa kwa sababu nyingine. Wengi wao walikuwa Wahaya wa Bukoba, watu wa ng'ambo tu ya mpaka wetu. White anawaeleza kama mabinti waliotuma fedha nyumbani kuinua familia zilizoporomoka. Mwanamke huyohuyo ni mhalifu Nairobi na binti mwema Bukoba. Daftari la polisi lina nafasi ya jina moja.

Tatizo hili halikwisha na ukoloni. Tanzania, kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaja kahaba pamoja na wazururaji na wavivu, na wanawake waliokamatwa usiku mara nyingi wamefikishwa mahakamani kwa uzururaji. Mtafiti akitafuta neno ukahaba hatawaona. Kenya, jedwali la makosa yaliyoripotiwa polisi ambalo ofisi ya takwimu hulichapisha kila mwaka lina kundi linaloitwa makosa dhidi ya maadili. Ndani yake umo ubakaji, umo unajisi wa watoto, na imo pia ndoa ya pili iliyo kinyume cha sheria. Ukichora mstari wa "maadili" kutoka jedwali hilo, mtoto aliyenajisiwa na bwana aliyeoa mara mbili watapanda pamoja katika mstari mmoja. Na Sweden, tarehe 1 Januari 1999, ilifanya kununua ngono kuwa kosa. Mwaka 1998 kosa hilo halikuwepo katika hesabu, na mwaka uliofuata likawepo. Asiyejua tarehe ya sheria atadhani wanaume wa Sweden waliharibika usiku mmoja, wa mkesha wa mwaka mpya.

Daftari la nyumba

Nirudi nyumbani. Burundi huru ina kanuni yake ya adhabu. Ya mwaka 2009 ilirekebishwa mwezi Desemba 2017, na ukahaba na uchochezi wa ukahaba vina vifungu vyao. Mwaka huohuo wa 2017 serikali iliendesha kampeni ya kurekebisha maadili ya jamii, na watu wanaoishi pamoja bila ndoa halali walipewa muda hadi tarehe 31 Desemba kuhalalisha ndoa zao. Zilifanyika harusi za pamoja, watu wengi kwa siku moja. Wapo wanawake waliofaidika, na nawajua: waliokuwa wameishi na mwanamume miaka kumi bila karatasi, watoto hawajaandikwa, na ghafla wakawa na haki mbele ya sheria. Wapo pia wake wa pili ambao, kama mwaka 1951, tarehe ilipita wakabaki bila jina. Atakayechora mstari wa ndoa za Burundi atakuta mlima mwaka 2017. Namuomba asiuite mlima wa mapenzi.

Mjini kwetu kila nyumba ina daftari ambamo huandikwa wote wanaolala humo. Mtaani tunaliita kaye. Wakaguzi wakija alfajiri huomba kaye, kisha hulinganisha majina na nyuso. Binamu yangu alikuwa amepanga chumba peke yake. Anafanya kazi za usiku za kulinda wagonjwa, kwa hiyo hurudi asubuhi wakati wengine wanatoka. Siku moja wakaguzi walisoma kaye yake, yenye jina moja, wakamuuliza: "Na mume wako ni nani?" Akajibu hana. "Unaishi na nani, basi?" Akajibu, peke yangu. Waliangaliana. Hawakumfanya lolote, waliaga kwa adabu. Aliponisimulia alicheka, ila mwezi uliofuata alihamia kwa shangazi.

Nilimsikiliza nikiwa na makala ya Hunt mkobani. Kwa nadharia anaishi peke yake.

Simaanishi kwamba wakaguzi wa leo ni Wabelgiji wa jana. Daftari lina kazi zake, na baada ya yote yaliyoupata mji huu tangu mwaka 1993 sioni ajabu watu wakitaka kujua nani analala wapi. Ninachosema ni cha wenzangu tunaojifunza kazi ya historia. Tukipewa namba ya makosa ya ukahaba, kwanza tuulize ni sheria ipi iliyokuwa mezani siku hiyo na imebadilika lini, nani aliyekuwa akihesabu na alipita mitaa ipi. Bwiza ina baa nyingi, na doria inapita Bwiza. Nyumba za Kiriri na Kinindo zina geti. Kisha tuulize, kama wanawake wa Buyenzi walivyouliza, ndani ya hilo jina wamo akina nani.

Kazi niliyowasilisha mwishoni ilikuwa na mchoro usio na mstari. Niliweka mhimili wa miaka na juu yake tarehe tu: 1910, 1931, 1948, 1950, 1951, 2009, 2017. Mwalimu aliutazama kwa muda, akauliza mstari uko wapi. Nikamwambia nitauchora nitakapojua unamhesabu nani. Alinipunguzia alama kwa kutofuata maagizo, na nadhani alikuwa na haki. Kisha akaniuliza kama nimezungumza na wazee.

Sikuwa nimezungumza nao. Nilikuwa nimesoma juu ya mtaa wangu kutoka katika jarida la Kiingereza, wakati mwanamke aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 sasa ana miaka 90 hivi na huenda anaishi avenyu ya nyuma ya kwetu. Nilipomuuliza bibi yangu kuhusu kodi ya wanawake, yeye aliyekuwa msichana mdogo wakati huo, alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Mjukuu wangu, hayo hayaulizwi mbele ya watu." Jioni, tulipobaki wawili, akanitajia nyumba mbili ambazo nikabishe hodi. Kwa moja alinionya nisilitamke lile neno hata kidogo. Niseme tu nimekuja kuuliza habari za kodi, mwenyewe atajua.

Wote wawili wamekubali kunipokea baada ya Ramadhani.